Ukirudi Arusha kutoka porini: namna ya kuutembea mji wako

Gari la vyakula hutoka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, saa kumi na moja alfajiri, na Mungu akijalia unafika Kisongo, mlangoni mwa Arusha, jua likizama. Katikati kuna Seronera, kuna Naabi, kuna ukingo wa kreta ya Ngorongoro ambako ukungu hauna haraka ya kuondoka, kuna geti la Lodoare, udongo mwekundu wa Karatu, halafu mteremko wa Mto wa Mbu. Mimi ni mpishi wa kambi ya kuhama. Nyumbu wakiwa kaskazini, Julai mpaka Oktoba, na sisi tuko kaskazini; wakiteremka Ndutu kuzaa mwanzoni mwa mwaka, na sisi tunateremka nao. Kazi hii nimeifanya miaka 11. Kwangu ni Ngarenaro, Arusha, na ndiko nilikozaliwa.

Msimu mmoja mgeni, mama mtu mzima, alinifuata jikoni usiku. Alikuwa na siku mbili za ziada kabla ya ndege yake pale KIA, akataka kujua azitumieje Arusha. Nikamjibu bila kufikiri: "Arusha hakuna kitu mama, ni mji wa kulala tu. Wewe pumzika." Akashukuru, akaenda hemani. Mimi usingizi haukuja. Ningeweza kumwambia chui wa Seronera hupenda miti gani, na mvua ya jioni inatangulizwa na upepo wa upande gani, lakini mji ulionizaa nilimwambia hauna kitu. Tangu hapo, kila nikirudi ofu, yaani mapumziko ya kazi, nautembea mji wangu kama mtu aliyetumwa. Nawaandikia wenzangu wapishi, madereva, wapagazi wa mlimani, wahudumu wa hoteli za mbugani, na yeyote aliyekwenda mbali kutafuta riziki kisha akarudi Arusha na kujifungia ndani mpaka siku ya kuondoka tena.

Porini hakuna mgeni anayeonyeshwa mbuga nzima kwa siku moja. Unatoka asubuhi na mapema, mchana unapumzika, jioni unatoka tena, na ukifika mahali penye uhai unazima injini na kungoja. Kwenye kivuko cha Mto Mara tumewahi kungoja kutwa: nyumbu wakasogea ukingoni, wakarudi, wakasogea, wakarudi, na jua linakaribia kuzama ndipo wa kwanza akajitosa. Mji nao nimeuona unataka vivyo hivyo. Zima injini.

Siku ya kufika

Ukifika Mto wa Mbu simamisha gari, ununue chana mbili za ndizi nyekundu. Arusha ndizi hazijakosekana, lakini mtu harudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wakiziona ndizi zile wanajua umefika kweli. Zibonyeze karibu na kikonyo. Zikiwa bado ngumu zitavumilia safari. Kama mmechelewa na giza limewakuta Karatu, laleni Karatu. Kufika usiku wa manane, umechoka, unaamsha watu, ndiyo mwanzo wa ofu mbaya.

Nguo za porini usizichanganye na za nyumbani. Zikung'ute nje zikiwa kavu, kisha ziloweke kwenye maji baridi matupu, bila sabuni. Maji ya kwanza yatatoka mazito, rangi ya uji wa ulezi, yamwage. Ya pili yatakuwa kama chai ya maziwa, nayo yamwage. Ya tatu ndiyo yatiwe sabuni. Ukianza na sabuni, lile vumbi linageuka tope, linaingia kwenye mishono ya kola na mifuko, na halitoki tena hata ukipiga brashi mpaka kidole kichubuke. Mashati yangu mawili yaliharibika hivyo kabla sijafundishwa na mama mmoja jirani yangu anayefulia watu.

Pesa igawe usiku huohuo. Habari kwamba umerudi zitakuwa zimekutangulia: kikoba kinakungoja, kuna mchango wa harusi, kuna ada. Hayo ni ya haki, toa. Ila tenga kwanza pesa ya kutembelea mji na uiweke mbali na ya matumizi. Miaka ya mwanzo sikutenga, na ofu ziliisha nimekaa kwenye kochi nahesabu siku za kurudi kazini. Na kama kuna msiba uliopita ukiwa huna mtandao, nenda ukatoe pole kabla hujaenda kuangalia kitu chochote. Ukitembea mji na hujahani, utatembea na mzigo.

Usiku wa kwanza kelele zitakusumbua: mbwa, spika za ibada, toyo, zile pikipiki, zinazopanda bila ekzosi. Mtu aliyezoea kulala na sauti ya fisi anaona mji unapiga makelele mno. Yape masikio siku mbili, yatatulia.

Asubuhi ya kwanza, kwa miguu

Toka saa kumi na mbili. Sababu ni mlima. Mlima Meru, mita 4,566, wa pili kwa urefu nchini kwetu, umesimama kaskazini mwa mji, na jua likishapanda mawingu hupenda kuufunika. Watu wa mjini tunaweza kumaliza wiki bila kuuinulia macho. Simama tu barabarani, geuka kaskazini, uangalie jua linavyoanza kushika ncha ya juu wakati mtaani kwenu bado kuna kiza. Juni na Julai unaweza ukajificha siku nzima kwa ukungu na baridi. Vaa sweta, urudi kesho.

Mimi kutoka Ngarenaro napita uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Utoto wangu wote nilicheza nje ya ukuta wake bila kujua jina ni la nani. Amri Abeid alikuwa mshairi wa Kiswahili, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Sasa macho ya watu yako Olmoti, kunakojengwa uwanja mpya kwa ajili ya Afcon ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuiandaa kwa pamoja. Nenda ukauone na huo, lakini huu wa zamani upitie kwa miguu, usome jina kwa sauti.

Halafu shika Barabara ya Sokoine kuelekea mashariki. Sokoine naye ni mtoto wa Monduli, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 1984, na wazee wa kwetu wakimtaja bado wanashusha sauti. Utavuka bonde la Mto Naura. Hapo punguza mwendo. Upande wa magharibi, unakotoka, ndiko kwenye masoko, stendi, viwanda na sisi wenye nyumba zilizobanana. Upande wa mashariki ni ofisi, hoteli na miti mikubwa, na mtaa mmoja huko tunauita Uzunguni mpaka leo. Mgawanyo ule wa zamani unausoma kwa miguu yako, kivuli kinavyoongezeka kadiri unavyosogea. Ukiwa umerudi Oktoba au Novemba, mijakaranda itakuwa imechanua, na barabara za upande huo zinakuwa na zulia la zambarau ambalo wafagiaji huliondoa asubuhi na jioni limerudi.

Ukifika Mnara wa Saa, tafuta mzee wa kahawa. Utamsikia kabla hujamwona, anavyogonganisha vikombe. Nunua kikombe na kashata, kaa pembeni, simu iache kwenye mkoba, na ukae saa nzima. Saa nzima kweli, kama pale kivukoni.

Mara yangu ya kwanza nilimtazama fundi viatu. Alikuwa na makopo matatu ya rangi na kipande cha fulana ya zamani amekizungushia vidole viwili. Alidondosha tone moja la maji kwenye kifuniko, akachovya kitambaa, akaanza kuzungusha duara ndogondogo kwenye ncha ya kiatu, bila haraka, mpaka ngozi ikaanza kuonyesha anga. Mteja wake alikuwa baba mwenye suti. Walikuwa wanaulizana habari za watoto, wa huyu amefaulu, wa yule bado anaumwa masikio, na alipolipa na kuondoka fundi alibaki amemshikia salamu za mkewe. Mimi hapo nilipita mamia ya mara nikiwa kwenye kifodi, daladala zetu ndogo, na sikuwahi kumwona mtu hata mmoja. Niliona mnara tu.

Utasikia pia wanavyosema kwamba mnara huu uko katikati ya Cairo na Cape Town. Ndivyo tunavyosimuliana hapa tangu zamani, na wageni hupenda kupigwa picha kwa ajili hiyo. Na ukiwa na begi la mgongoni na uso ulioiva jua, vijana wanaouza picha za kuchora na bangili watakudhania mgeni. Usiwakunjie uso. Wasalimie kama mama anavyosalimia vijana wa mtaani kwake, "Hamjambo wanangu, mmeamkaje?", na papo hapo utasikia "Shikamoo mama", na mazungumzo yanabadilika. Mmoja wao ndiye aliyenieleza picha zile zinachorwa wapi na nani.

Boma, Mahakama, Azimio

Hivi vitu vitatu wengi wetu tulivipitia na shule, kwa mstari, mwalimu anapiga makofi twende haraka. Virudie ukiwa mtu mzima. Chukua kitambulisho chako cha taifa, maana kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni.

Kutoka mnarani panda Barabara ya Boma mpaka mwisho. Pale juu kuna boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 kwa nguvu za wenyeji waliolazimishwa kazi. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kilichonigusa ni habari za nyayo za Laetoli: watu wa kale, au tuseme waliotutangulia, walipita juu ya majivu ya volkano mabichi miaka milioni 3.6 iliyopita, majivu yakakauka, nyayo zikabaki, na timu ya Mary Leakey ikazikuta mwaka 1978. Njia ya kwenda Serengeti nimeipita mara zisizohesabika, na Oldupai iko hapo kando, tukikimbiza barafu ya nyama isiyeyuke. Ilibidi nirudi mjini ndipo nijue napita wapi.

Nyuma ya boma utaliona jengo refu la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Liliwekwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza. Jumuiya ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata jengo likaanza kutumika kama kituo cha mikutano. Humo ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Mwaka 1998 nilikuwa msichana wa miaka 16, namsaidia mama kuuza chapati upande wa Sekei, na magari meupe ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakipita mbele yetu kila asubuhi. Tuliyahesabu kwa kujifurahisha. Septemba ya mwaka huohuo, ndani ya jengo hilo, Jean-Paul Akayesu alitiwa hatiani, na ikawa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mita chache kutoka kwenye beseni letu la chapati. Mpeleke mtoto wako ukamsimulie hilo ukiwa umesimama pale nje, huhitaji tiketi.

Makumbusho ya Azimio la Arusha yawekee siku yake. Yako Kaloleni, karibu na ule mnara wenye mwenge juu. Nyumba yenyewe ni ndogo, na ndiyo maana watu wanaipita. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa: ujamaa na kujitegemea, na kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Siku iliyofuata mabenki yakaanza kutaifishwa. Ushauri wangu ni uende na mtu aliyekuwa na akili zake mwaka ule. Mimi nilikwenda na shangazi yangu. Alisimama mbele ya picha moja ya watu wakiwa kwenye matembezi ya kuunga mkono Azimio, akaanza kunionyesha jinsi walivyofunga viatu vya kanda kwa kamba ya katani ili visiwakatikie njiani. Hayo hayakuandikwa chini ya picha.

Jumamosi ni ya Tengeru

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kote, na kama una siku moja tu ya kutembea, ifanye hii.

Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Kubwa ni Jumamosi. Panda gari za Tengeru au Usa mapema, kabla ya saa mbili. Siku hizi barabara ni njia nne kutoka Sakina mpaka Tengeru, safari ni fupi. Vaa viatu vya kufunga, maana ikiwa imenyesha tope lake ni la mfinyanzi, na beba kiroba chako na chenji. Usianze kununua. Zunguka soko lote mara moja mikono ikiwa mitupu, kama dereva anavyozunguka kopje, kile kilima cha mawe, kabla ya kuzima gari. Kina mama wa Kimeru wanashusha mikungu kutoka miteremkoni, wameilaza juu ya majani ya migomba ili isichubuke, na kila mmoja amekaa na ya kwake. Kuna maparachichi ya kila umbo, kuna mnafu, karoti zenye udongo bado, mitumba imerundikwa kama vichuguu, na maziwa ya mgando.

Mara ya mwisho niliinama kwenye mikungu ya mama mmoja mwenye kitenge cha kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndizi. Unapika nini?"

"Machalari."

"Basi acha hiyo uliyoshika, hiyo ni mzuzu, ya kukaanga. Njoo kwenye mshare."

Akauvuta mkungu, akachagua ndizi moja ya chini kabisa, akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Utomvu ukachuruzika hapohapo mpaka kwenye kiganja. "Unaona? Imekatwa jana jioni. Ile ambayo ukiikwaruza inakaa kavu, imeshalala njiani siku tatu, utaipika haitaiva vizuri, itabaki na moyo mgumu." Mimi ni mpishi, napika kwa watu 30 porini, na jambo hilo sikulijua. Tangu siku ile, ndizi zikiletwa kambini nazikwaruza moja moja kabla sijasaini karatasi ya mapokezi.

Ukishanunua, mwombe huyohuyo mama akutunzie kiroba. Watu wa Tengeru wanakubali, na ukirudi unamwachia chochote. Kisha tembea mpaka Ziwa Duluti, ni karibu. Ni ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, limezungukwa na msitu, na ukilipa kiingilio unaweza kulizunguka kwa njia ya miguu chini ya miti. Hapo nenda polepole. Kenge huota jua kwenye magogo, na mdiria unamwona pale tu anaporuka. Ziwa ni la utulivu mpaka mtu unaogopa kukohoa. Kama una watoto, mitumbwi ipo. Wavalishe maboya bila mjadala.

Kitu kingine kiko hapohapo Tengeru na wengi hawakijui: makaburi ya Wapolandi. Yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, hivyo omba ruhusa getini kwa adabu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Stalin walipitia Iran mpaka Afrika Mashariki, na kuanzia 1942 watu wapatao 5,000 waliishi hapa Tengeru, wengi wao kina mama na watoto. Makaburi ni takriban 150, yamefagiliwa, majina yameandikwa. Nilisimama mbele ya kaburi la mtoto nikafikiria mama yake, alivyotembea dunia nzima hivyo, akaja kumzika chini ya Meru. Sisi tunaotoka na kurudi, tukumbuke kwamba mji huu uliwapokea pia ambao hawakuwa na pa kurudi.

Kama Jumamosi imekupita, Ngaramtoni ni Alhamisi na Jumapili, upande wa pili wa mji. Huko ni kwa Waarusha zaidi; mbuzi, kunde, shanga. Mama akikusalimia "Takwenya", itikia "Iko". Ukiitikia vizuri, bei inaanzia chini kidogo.

Momella

Nitasema kwa kifupi kwa sababu wenzangu mnajua mbuga. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ya tangu 1960, njia yake inachepukia Usa River, na watu wa mjini wanaiacha wakisema ni ndogo, simba hakuna. Ndiyo sababu ya kuipeleka familia. Unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, twiga wako hapo wanakutazama, na mbega wanaruka juu ya miti kama watu wenye kanzu. Kreta ya Ngurdoto unaiangalia ukingoni tu, kushuka hairuhusiwi. Maziwa ya Momella ni saba, na asubuhi kila moja lina rangi yake. Flamingo hukaa kwenye yale yenye magadi.

Na utazame mlima kutoka huko. Ukiwa mjini Meru inaonekana nzima, kama kofia. Ukiwa Momella unaona upande wa mashariki ulishabomoka maelfu ya miaka iliyopita, umebaki ukuta mrefu na ndani yake kilima cha majivu. Vile vilima vidogo na mabonde yenye maziwa ni mabaki ya lile poromoko. Binti yangu aliuona akaniuliza, "Mama, kwa hiyo sisi tunaishi mgongoni kwake?" Ndiyo, mwanangu, mgongoni kwake. Changeni gari ndugu wawili watatu, bebeni chakula, mtoke alfajiri.

Kula

Porini nimepikia wageni supu za kila namna, kwa hiyo nikirudi nataka cha nyumbani. Nyama choma watu wanakwenda Kwa Mrombo, na wana haki. Ila agiza kama mtu anayejua. Nenda mwenyewe kwenye buchani, chagua mbavu za mbuzi zenye mafuta kidogo, simamia zikipimwa, kisha mwambie mchomaji: "Kaka, usiniharakishie. Weka mbali, makaa yakiwa yameshashika majivu." Nyama inayowekwa juu ya miali inaungua nje na ndani inabaki inakataa meno. Chumvi ije mwishoni, pilipili iwe pembeni. Utangoja karibu saa moja. Kachumbari iombwe wakati nyama inakatwa, siyo kabla, isije ikalainika. Watu wanaolalamika kwamba nyama imekuwa ngumu, mara nyingi ndio waliokuwa wakimfokea mchomaji afanye haraka.

Na ukipata mahali wanapopika loshoro, kaa. Mahindi yaliyokobolewa, yameiva mpaka yamefunguka, yamechanganywa na maziwa ya mgando. Hakuna chakula kinachonirudisha nyumbani kama hicho. Mimi hukila kwa kijiko kidogo ili kisiishe.

Kabla ya kurudi kazini

Siku mbili za mwisho usizitembee sana. Miguu ipumzike, nguo zikauke, watoto wakuone ukiwa umekaa. Asubuhi moja nenda Soko la Kilombero ununue tangawizi, hiliki na kahawa ya Arabika ya huku kwetu ya kubeba kambini. Kahawa nunua ya punje, uitwange mwenyewe kule; harufu yake ikitoka jikoni saa kumi na moja alfajiri, wageni huamka bila kuitwa.

Karatasi ya kuwapa wageni nimeshaitengeneza. Nimeibandika kwenye nguzo ya hema la kulia, karibu na chujio la maji, ili mtu anayejaza chupa aisome: mlima saa kumi na mbili, kahawa na saa nzima mnarani, boma, Kaloleni, Tengeru Jumamosi, Momella. Msimu uliopita wageni wawili walibadilisha mipango yao wakalala Arusha usiku mmoja zaidi, na mmoja aliniletea picha ya yule mama wa kitenge cha kijani. Karatasi aliiandika binti yangu kwa mwandiko wake. Chini ameacha mistari miwili mitupu kwa ajili ya maporomoko ya Napuru, kule miteremkoni kwa Meru, kwa sababu huko bado hatujafika, na amekataa niandike mahali ambapo hatujapakanyaga. Narudi ofu Novemba. Ameshaniambia ataweka viatu vyake vya mpira mlangoni.